Mzee wetu amebadilika: maswali kuhusu demensia, hisia na kuelewana na watu

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo hapa Tabora, na nimestaafu nikiwa na mama mwenye ugonjwa wa Alzheimer nyumbani kwangu Isevya. Tangu watu wajue, maswali yananifuata sokoni, msibani, kwenye daladala, na usiku kwa simu. Mengi hayahusu kusahau. Yanahusu moyo: mbona baba hanionei huruma, mbona mama analia bila sababu, mbona mzee aliyekuwa na adabu zake leo anatutia aibu mbele za watu. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi mara kwa mara, pamoja na yale ambayo utafiti umeyaonyesha, ili nisiwe nayajibu nusunusu nimesimama barabarani.

Nesi, huu ni ugonjwa au ni uzee tu?

Ni ugonjwa. Demensia ni jina la hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo polepole. Uzee unakupunguzia kasi: jina la mtu linakupotea, kisha linakujia ukiwa unaoga. Demensia inakunyang'anya uwezo wa kuendesha maisha yako, kama kuhesabu chenji, kupika chakula ulichokipika miaka 40, au kurudi nyumbani kutoka msikitini.

Alzheimer ndio unaoongoza, ukiwa na takriban 60% hadi 70% ya wagonjwa wote. Zipo demensia zinazotokana na mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa wenye presha na waliopata kiharusi, na zipo nyingine nitakazozitaja mbele. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya 60% yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nalisema hili kwa sababu bado naambiwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

Mkisema ugonjwa unaharibu "kuelewana na watu" mna maana gani? Si anaongea vizuri tu?

Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu". Mtoto anajibu, "Wewe umezeeka, mimi naoa mwingine." Wanacheka. Ili kicheko kile kitoke, kila mmoja amejua kwamba mwenzake hamaanishi anachosema. Ameisoma sauti, ameyaangalia macho, na amekumbuka kwamba maneno hayo yanaruhusiwa kwa bibi lakini kwa mama mkwe ni balaa. Au mgeni amekaa hadi saa nne usiku, mwenye nyumba anasema, "Leo mwezi unawaka, njia yote inaonekana." Mgeni mwenye akili zake anaaga. Hakuna aliyemwambia aondoke.

Watafiti wameupa uwezo huu jina la utambuzi wa kijamii. Ndani yake mna kusoma hisia katika uso na sauti, kukisia mwenzako anafikiri au anajua nini, kuumia anapoumia yeye, na kushika adabu za mahali ulipo. Kwa muda mrefu hospitalini tulipima kumbukumbu, hesabu na lugha, tukaishia hapo. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la tano, uliuweka utambuzi wa kijamii kuwa mmoja kati ya maeneo sita ya akili ya kuchunguzwa mtu anapodhaniwa kuwa na demensia. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Nimeziona familia zikirudishwa nyumbani na majibu kwamba "vipimo viko sawa", huku mke anajua kabisa kwamba mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja si yule aliyemuoa.

Baba ana miaka 56. Hasahau kitu, anakumbuka hata bei ya tumbaku ya mwaka ule. Lakini hana haya, hana huruma, na ametumia hela ya ada ya watoto. Ni ulevi? Ni mwanamke wa nje?

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu jibu lake linachelewa sana kujulikana. Kuna demensia inayoanzia sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso na ile iliyo karibu na panja. Hapa nitaiita demensia ya paji. Arnold Pick, daktari wa Prague, alianza kuandika kuhusu wagonjwa wa namna hii mwaka 1892, miaka 14 kabla Alois Alzheimer hajaeleza kisa chake maarufu mwaka 1906. Mara nyingi huwapata watu wa kati ya miaka 45 na 65, yaani watu wenye familia za kulisha, wenye vyeo kazini na kwenye vikao vya ukoo.

Aina yake inayogusa tabia haianzi na kusahau. Mtu anakuwa kama amekatwa breki: anamtukana mteja, anamshika mtu asiyemjua, anasema mbele ya wakwe mambo yasiyosemwa. Mwingine anazima kabisa, anakaa kwenye kiti kutwa nzima hana hamu na lolote. Huruma inakauka. Mke anaumwa malaria, anatetemeka chini ya blanketi, yeye anauliza chakula kiko wapi. Wengi hupata uchu wa vitu vitamu. Nilimfahamu mzee mmoja upande wa Sikonge aliyekuwa anamaliza chupa ya asali kwa siku mbili, akiificha chini ya kitanda, na watoto wake wakadhani ni uchoyo tu umemwingia.

Kuhusu fedha na kuokota vitu vya watu, mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliopitia kumbukumbu za wagonjwa 2,397 wa kituo kimoja cha magonjwa ya ubongo. Katika wenye demensia ya paji ya aina ya tabia, 37.4% walikuwa wamefanya jambo la kuvunja sheria wakati wa ugonjwa, kama kuiba dukani au kukojoa hadharani. Kwa wenye Alzheimer ilikuwa 7.7%. Mtu asiyejua hesabu hizi ataita mgambo. Kwa huyu wa paji kunaweza kuwepo ujuzi wa kwamba kitu si chake, maana ukimuuliza kama kuiba ni vibaya atakujibu vizuri. Kinachokosekana ni ule msukumo wa ndani wa aibu na hofu unaomzuia mtu mkono ukiwa umeshanyooshwa.

Ndani ya ubongo kuna chembe za neva zenye umbo la kipekee, refu na jembamba miishoni, zinazoitwa kwa jina la Constantin von Economo. Zinapatikana kwenye sehemu zile zinazohusika na kuhisi hali ya mwili wako na kujali watu. Mwaka 2006 watafiti wa San Francisco walionyesha kwamba chembe hizo hufa mapema na kwa wingi katika demensia ya paji, ilhali katika Alzheimer hazishambuliwi hivyo. Kwa hiyo ukimwona mzee wa miaka 50 na kitu amegeuka mtu mwingine, mpeleke hospitali kabla ya kumpeleka kwenye kikao cha ukoo. Ulevi na mapenzi vipo, sikatai. Lakini mlevi akilala akaamka, aibu inamrudia.

Alicheka msibani. Kaburini kabisa. Ukoo umekasirika.

Pole sana. Inawezekana hakuona kwamba watu wana huzuni. Wagonjwa wa demensia ya paji hushindwa zaidi kutambua hisia za maumivu, yaani hofu, huzuni na hasira, kuliko furaha. Inawezekana pia aliona lakini ile breki haikushika. Na wapo ambao kicheko au kilio huwatoka chenyewe bila hisia yoyote ndani, hasa baada ya kiharusi. Kwa vyovyote, msibani sasa akae na mtu mmoja anayemjua, pembeni, na wazee wa ukoo waelezwe mapema. Ukiwaeleza baada ya tukio, inasikika kama unamtetea.

Mama ana Alzheimer. Nikilia anakuja kunifuta machozi, lakini hajui mimi ni nani. Anaigiza?

Haigizi. Na naomba nilieleze hili kwa nafasi, kwa sababu watu wanazichanganya demensia zote kama maharage kwenye gunia moja.

Katika Alzheimer, uharibifu huanzia kwenye sehemu zinazohifadhi matukio mapya. Sehemu zinazohusika na joto la moyo, na kushikwa na hisia za aliye mbele yako, hubaki kwa muda mrefu. Mgonjwa wa Alzheimer anaweza asijue jina lako, asijue mwaka huu ni upi, na bado akajua kwamba huyu mtu mbele yangu anaumia. Akipimwa kwa picha za nyuso anaweza kukosea baadhi, hasa ugonjwa ukiendelea, lakini katika maisha ya nyumbani ana sauti yako, mabega yako na mwendo wako wa kusoma.

Kuna jambo zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo kwamba watu wenye Alzheimer, na hata wale ambao kumbukumbu ndiyo imeanza tu kutetereka, huambukizwa hisia za wengine kuliko wazee wenye afya wa rika lao, na kwamba hali hiyo iliandamana na kusinyaa kwa sehemu ya kulia ya ubongo iliyo karibu na panja. Maana yake nyumbani ni hii: ukiingia na hasira za kazini, mama anazipata kabla hujafungua mdomo, na hana uwezo wa kujiambia "huyu amegombana na mtu huko, si mimi". Anazivaa kama zake. Saa moja baadaye anagoma kula na wewe unashangaa ameanza lini.

Mimi nilijifunza hivi kwa mama yangu kabla sijausoma utafiti wenyewe. Siku ninazopita kwanza uani, nikanawa uso na kupumua, ndipo nikaingia kumsalimia "mwangaluka, mayu", chakula kinashuka. Siku ninazoingia moja kwa moja na simu sikioni nikigombana na fundi, hakishuki.

Nikimtembelea, baada ya dakika kumi hakumbuki kwamba nilikuja. Natoka Urambo kwa nauli yangu. Kuna haja gani?

Kuna utafiti mmoja ninaotamani kila mtoto wa mgonjwa aujue. Ulifanyika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ukachapishwa 2014. Watu 17 wenye Alzheimer na 17 wenye afya walionyeshwa vipande vya filamu vya kuhuzunisha, kisha vya kufurahisha. Dakika chache baadaye wagonjwa waliulizwa wameona nini. Walikumbuka kidogo sana, na mmoja wao hakukumbuka hata kwamba ameangalia filamu. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, ile huzuni au furaha ilikuwa bado imo. Na waliokumbuka kidogo zaidi ndio ambao huzuni iliwakaa zaidi. Nadhani inaeleweka: sisi tukijua kilichotuhuzunisha tunaweza kukijadili na kukiweka chini. Yeye amebaki na mzigo bila kujua aliupakiwa wapi.

Kwa hiyo njoo kutoka Urambo. Kaa naye, mmenyee embe, mwimbieni za kanisani au kaswida anazozijua. Ukiondoka, kuja kwako kutafutika kichwani mwake, na utulivu utabaki naye mchana ule. Vivyo hivyo kwa upande mbaya. Yule msichana wa kazi anayemfokea akidhani "si atasahau" anamwachia mzee donda la mchana mzima. Niliwahi kufanya kazi kwenye wodi ambako kauli hiyo ilisemwa mbele ya wagonjwa, na mimi mwenyewe nilikaa kimya. Najuta hadi leo.

Babu anasema bibi si mkewe, ni mwanamke aliyejifananisha naye. Amerogwa?

Hali hii ina jina la Joseph Capgras, daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1923. Mgonjwa anautambua uso, ila ile hisia ya "huyu ni wangu" haiji pamoja na uso. Ubongo unatafuta maelezo ya pengo hilo, unapata moja: huyu ni tapeli. Huonekana katika Alzheimer, na zaidi katika demensia ya Lewy, ambayo pia huleta kuona watu au wanyama wasiokuwepo.

Usibishane naye na usimwonyeshe cheti cha ndoa. Mara nyingi sauti hufika mahali ambapo sura imeshindwa kufika: bibi atoke nje, kisha aanze kuongea naye akiwa bado nyuma ya mlango. Kama babu anakuwa mkali, ondoeni panga na shoka chumbani, na mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo.

Uso wake umekuwa kama ubao, hatabasamu. Hatupendi tena?

Kama pia anatetemeka, anaburuza miguu na mwandiko umekuwa mdogo, fikirini Parkinson. Ugonjwa huo hukaza misuli ya uso, hisia zipo ndani lakini uso hauzitangazi. Muulize kwa maneno, na uamini jibu.

Watafiti wanapimaje kitu kama huruma? Huruma ina kipimo?

Vipo, na vingine ni rahisi kuliko unavyofikiri. Kilicho maarufu zaidi ni picha za nyuso: mtu anaonyeshwa uso na kuchagua kama ni furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa au mshangao. Picha zilizotumika zaidi ni za Paul Ekman wa Marekani, zilizotolewa mwaka 1976. Kipimo kingine ni hadithi ya mtoto anayeweka gololi yake kwenye kikapu na kutoka, mwenzake akaihamishia kwenye sanduku. Akirudi ataitafuta wapi? Kilibuniwa kwa watoto na kuchapishwa mwaka 1985, na hadithi za namna hiyo zimetumika pia kwa wagonjwa wa demensia. Anayejibu "sandukuni" ameshindwa kutenganisha anachokijua yeye na anachokijua mwenzake. Australia kuna kipimo cha video fupi, ambapo unapaswa kujua kama msemaji anamaanisha, anadanganya, au anakejeli.

Huko California watafiti walikwenda mbali zaidi: waliwaimbisha watu, kisha wakawaonyesha video yao wenyewe wakiimba bila muziki wa kuwabeba. Wenye afya waliona haya, wakaziba uso, wakacheka cheka. Wagonjwa wa demensia ya paji walionyesha haya kidogo sana.

Mama yangu hajasoma, ni wa Uyui huko ndani. Picha za Wazungu zitampima nini?

Hapo umegusa tatizo lenyewe, na watafiti wenyewe wanalikiri. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba watu husoma vizuri zaidi nyuso za watu wa jamii yao. Mwaka 2022 ikachapishwa kazi iliyowapima watu 587 wenye afya katika nchi 12 kwa vipimo vilevile vya utambuzi wa kijamii, na karibu moja ya tano ya tofauti za alama ilitokana na nchi ya mtu. Hao wote wazima! Kwa hiyo ukimpa bibi wa Uyui kipimo cha kejeli za Sydney, akashindwa, hujajua kama ugonjwa ndio umeshindwa au ni Sydney.

Fikiria na heshima zetu. Mwanamke wa hapa aliyelelewa vizuri huinamisha macho anapoongea na mkubwa. Kwenye fomu ya kigeni kutomwangalia mtu machoni kunaweza kuandikwa kama dalili. Mzee anaweza kukataa kusema kwamba uso fulani una "kinyaa" kwa sababu kumsema mtu usiyemjua ni utovu wa adabu. Mimi naamini kipimo kizuri cha hapa kingetoka kwenye utani wenyewe: nani anamtania nani, lipi linaruhusiwa, fumbo hili maana yake nini. Shangazi, mjomba, shemeji, mkwe, kila mmoja ana mipaka yake, na mzee mzima anaijua usingizini. Mipaka hiyo inapoanza kuchanganyika, familia huona kabla ya daktari yeyote. Kijana wa chuo anayesoma hapa akitafuta mada ya tasnifu, hii ichukue.

Hapa Tanzania umefanyika utafiti wowote, au tunasomewa ya nje tu?

Upo, na wa kujivunia. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, waliwapima karibu watu 1,200 wa miaka 70 na kuendelea, nyumba kwa nyumba. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalikadiria kwamba 6.4% ya watu wa umri huo wana demensia. Kutokana na kazi ya Hai kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Sehemu mojawapo unapanga njiti za kiberiti kwa kuiga umbo. Hukohuko Hai yalijaribiwa mazoezi ya vikundi ya kuchangamsha akili, vipindi 14 kwa wiki 7, na wazee wakanufaika.

Kazi hizo zimelenga zaidi kumbukumbu na akili ya jumla. Upande wa hisia na kuelewana na watu bado ni shamba jipya, na mikoa yetu ya magharibi, Tabora na Kigoma, tunalitazama kwa mbali.

Majirani wanasema bibi ni mchawi. Anatembea usiku, juzi alikutwa nje ya nyumba ya watu bila nguo.

Hapa sitapunguza maneno. Katika mikoa yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho hayo ni mekundu kwa sababu ya miaka 50 ya moshi wa kuni. Kutembea usiku ni dalili inayojulikana ya demensia: saa ya mwili imeharibika, usiku anauona mchana, na anatafuta nyumba aliyozaliwa ambayo huenda haipo tena. Kuvua nguo kunaweza kuwa joto, haja ndogo, au ile breki niliyoieleza. Na uso usioonyesha hisia, jicho linalokazia mtu bila kupepesa, salamu asiyoijibu, haya yote majirani huyasoma kama ubaya.

Nenda leo kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na balozi, ukiwa na karatasi ya hospitali kama ipo. Mwambie shehe au mchungaji aseme hadharani kwamba bibi ni mgonjwa. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, na polisi wana dawati la jinsia. Usiku weka kengele au makopo mlangoni ili usikie akitoka, na usimfungie peke yake, moto ukitokea hatoki.

Nianzie wapi hapa mkoani?

Kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa, Kitete. Kwa wa upande wa Kigoma ni Maweni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure, kwa hiyo ulizia dirisha la wazee na barua ya mtendaji.

Omba achunguzwe kwanza mambo yanayotibika, kwa sababu yapo yanayofanana na demensia: sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende, VVU, damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, usiseme ni demensia. Mara nyingi ni malaria, njia ya mkojo, nimonia au dawa alizopewa, na ni dharura.

Na usimweleze daktari kwamba "amechanganyikiwa". Andika kwenye daftari mifano mitano yenye tarehe: siku hii alimwambia mkwe hivi, siku hii alimwacha mjukuu barabarani akaendelea na safari. Daktari ana dakika chache, na mbele yake mzee atajikaza, atasalimia vizuri, utaonekana mwongo. Picha ya ubongo ikihitajika, mtapewa rufaa kwenda Bugando, Benjamin Mkapa au Muhimbili.

Dawa zipo?

Ya kuponya haipo. Donepezil na zinazofanana nayo huwasaidia kiasi baadhi ya wenye Alzheimer. Kwa demensia ya paji hazisaidii, na zinaweza kuzidisha fujo, ndiyo maana kujua ni aina gani kuna faida. Dawa za kutuliza vichaa huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2005. Zitumike kwa sababu nzito, dozi ndogo, muda mfupi, kwa macho ya daktari, na zisinunuliwe duka la dawa kwa kuelekezwa na jirani.

Wakija watafiti wakamtaka mzee wetu, tukubali?

Mimi ningekubali, baada ya kuuliza. Utafiti wa afya kwa binadamu hapa nchini unahitaji kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo inayokitoa ngazi ya taifa. Waombe wakionyeshe. Fomu isomwe kwa lugha anayoielewa mzee, Kinyamwezi kama ndicho chake. Wewe unaweza kusaini kwa niaba yake akiwa hana tena uwezo wa kuamua, lakini akigeuza uso, akasukuma karatasi au akaanza kulia, hiyo ni "hapana", hata kama fomu imeshasainiwa. Watu wanaopima hisia wanapaswa kuwa wa kwanza kuiona.

Nesi, nitasema ukweli: nimeanza kumchukia mume wangu. Nampa chakula, ananitazama kama kiti.

Mama, hujatenda dhambi. Anayemlea mgonjwa wa Alzheimer anachoka mwili, lakini mara nyingi bado anapata mkono ulioshikwa, tabasamu. Wewe unalea mtu ambaye ugonjwa umemchukua sehemu ileile ya kukujali. Unahudumia na hakuna kinachorudi, na kila anayekuja kukuona anamkuta amevaa vizuri na anakula, anakuambia "mbona mzima". Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba walezi wa demensia ya paji huelemewa kuliko wale wa Alzheimer, na kupotea kwa huruma na tabia ngumu ndivyo vinavyowaelemea.

Usimngojee aombe msamaha, ile sehemu ya kuomba msamaha imeungua. Mwambie unachotaka kwa maneno ya wazi na mafupi, kwa sababu fumbo na kununa havimfikii tena: "Nimeumia mkono. Niletee maji." Wengine hutekeleza wakiambiwa hivyo. Fedha, hati ya kiwanja na kadi ya benki viwe mikononi mwa watoto wawili wanaoaminiana. Na shemeji zako wachukue zamu, siku mbili kwa wiki, kwa ratiba iliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Kama kikao cha ukoo kinahitaji mtu wa kuwaeleza, niite, nitakuja.

Wajukuu waache kumtania bibi yao?

Mwangalie bibi. Kama utani sasa anausikia kama tusi, waache, wabaki na salamu na kumshika mkono. Kama bado anacheka, waendelee, ila kwa utani wa zamani anaoujua. Mpya utampita.

Mwanangu wa kiume ana mtoto wa miaka tisa, na mama yangu hajalijua jina la huyu mtoto tangu mwaka juzi. Jioni moja alimpelekea uji akamwambia, "Mke wangu, kula, umekonda." Mama alimwangalia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria, nikaogopa kwamba ataanza kulia. Kisha akasema, "Mume gani wewe, hata ndevu huna," akaupokea uji akanywa wote. Baada ya robo saa nilimuuliza nani kamletea uji. Akasema hakuna mtu aliyekuja, na alikuwa anaimba.